Mita Nne

Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ilinituma
na futikamba ya chuma, daftari la hesabu,
na barua yenye mhuri mpana kuliko kiganja.
Siku mbili kwa basi, siku moja kwa miguu,
hadi Kata ya Sita, milimani Karnali,
ambako serikali tatu, ya shirikisho, ya jimbo na ya halmashauri,
hukutana chini ya bati moja
na kugombea kiti kisichoyumba.

Mwenyekiti Khagendra Rawal alinipa chai.
"Daraja letu," akasema, "ni mita arobaini na mbili.
Limo kitabuni."
Na kweli kitabuni lilikuwamo:
limejengwa, limelipiwa, limekatiwa utepe.

Nikalipima.
Thelathini na nane.
Nikarudia, maana chuma nacho husinyaa kwa baridi
na sipendi kumwonea mtu.
Thelathini na nane. Kisha jiwe, maji, jiwe,
ndipo ng'ambo.
Mwanafunzi mmoja alifika ubao wa mwisho,
akahamishia begi kifuani, akaruka
bila hata kunitazama,
kama mtu anayeshuka kitandani mwake.

Nikaomba daftari la vikao.
Wajumbe ni watano: mwenyekiti, wawili wowote,
na wanawake wawili, ambao mmoja wao
sheria inataka awe Dalit,
wa wale ambao wakigusa mtungi
maji humwagwa, hata leo, mlango ukifungwa.

Sahihi nne zilijipinda kama mikia.
Ya tano haikuwa sahihi, ilikuwa sentensi,
herufi zikining'inia kwenye mstari wake
kama nguo za mtoto kambani:
*Mimi Phulsari Sarki sikubali. Daraja halijafika.*
Juu yake wino mwekundu,
na pembeni: "Imefutwa. Mjumbe hakuelewa."

Nilimkuta akishona kiatu cha shule.
"Uliandika wewe?"
"Mimi. Miezi minne nikijifunza.
Mwalimu alitaka nianze na jina langu.
Nikamwambia, jina langu wanalijua,
wamelitukana vya kutosha.
Nifundishe *sikubali*."
Uzi ulikuwa bado katikati ya meno.
"Wakasema kiti changu ni cha sheria, si cha watu.
Nikawaambia nina kura mia tatu na kumi na saba,
na hata kiti cha sheria
kina miguu minne."

Usiku nikaandika hoja.
Njia yake naijua: itapanda kwa bosi wangu,
kwa Mkaguzi Mkuu, kwa Rais, Bungeni,
hadi kamati ya hesabu, iwe aya moja
kati ya maelfu, mtu apige mwayo juu yake;
kisha ianze kushuka, ofisi kwa ofisi,
ifike Kata ya Sita katika bahasha ya kaki
na kufunguliwa na Khagendra Rawal
kwa kisu cha ndimu.

Mimi simfungi mtu.
Ubao mmoja siwezi kuuongeza.
Katiba ilinikabidhi kamba na kalamu,
ikanikataza kuvipinda, basi.
Lakini Kiambatisho cha Saba nilikinakili mwenyewe,
neno kwa neno, mistari yake inayoning'inia,
na ule mwekundu nikauacha huko huko ulikozaliwa.

Asubuhi alinisindikiza.
Kwenye ubao wa mwisho magoti yangu
yalikumbuka kwamba ni ya mtu wa mjini.
"Ruka," akasema. "Watoto wanaruka."
Nikaruka. Mguu wa kulia ukapata jiwe,
wa kushoto ukapata mto.
Hakucheka. "Andika na hilo."

Fomu ya safari ina safu ndogo chini kabisa,
*Mengineyo*, ambayo hatujazi kamwe.
Nimejaza: kiatu, kimoja.