Pembe Iliyokatwa

Walinipa pasipoti mpya dirishani,
inanuka gundi, bado ngumu mgongoni,
kisha yule binti wa uhamiaji akashika mkasi
akakata pembe ya ile ya zamani
kama anayekata kucha za mtoto mchanga,
taratibu, ulimi kati ya meno.
"Usiitupe, mama. Visa yako imo humo, bado ina miaka."

Nimeuguza watu Mawenzi miaka thelathini na mmoja.
Saa ya kifo najua kuiandika.
Lakini hii ndiyo mara ya kwanza nabeba maiti
yenye kitu hai tumboni,
niipeleke ng'ambo ikajifungue.

Shemeji Ndelilio alikuja jioni na onyo lake:
"Hiyo imekufa. Utakwama uwanjani na mabegi
kama mzigo uliokosa mwenyewe."
Nikamtoa nyuma ya jiko,
nikamwonyesha mgomba nilioukata asubuhi:
shina limelala, linatoa maji,
na mkungu umeegemea ukuta, mbichi, mzima.
"Na huu nao umekufa?"
Akanyamaza.
Akaomba chane mbili za kuondoka nazo.

Usiku nikazilaza zote mezani.
Picha ya zamani: nywele nyeusi, shingo imenyooka,
mwanamke anayedhani ana haraka.
Picha mpya: waliniambia nisicheke,
wala sikuwa na mpango.
Jina lilelile. Tarehe ya kuzaliwa ileile,
ile ambayo mchungaji aliikisia kwa msimu wa kahawa.

Kisha ukurasa wa mwisho wa ile iliyokatwa.
*Nikipatwa na ajali, ajulishwe:*
na mwandiko wa Anaeli,
herufi zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua,
jina lake, sanduku la posta,
namba ya simu ya mezani
isiyolia tena popote.
Kwenye mpya mstari huo uko wazi.
Nilishika kalamu. Chai ikapoa.
Nikaandika Aikande, mwanangu,
nikakosea herufi moja, nikaiacha.

Nikazifunga pamoja kwa mpira wa manjano,
ule wanaofungia noti pale SACCOS.

KIA, saa tatu usiku, upepo wa Sanya unagonga vioo.
Kijana wa kaunta akapekua mpya:
kurasa tupu kama shuka za wodi kabla ya zamu.
"Mama, visa iko wapi?"
Nikavuta mpira, nikampa ya pili.
Aliona pembe, uso ukabadilika.
"Ukurasa wa kumi na tisa," nikasema.
Akaita mwenzake. Mwenzake akapiga simu.
Nyuma yangu watalii, vumbi la mlima kwenye buti,
wakahema kwa zamu.
Mimi nilisimama kama nilivyosimama leba:
huwezi kuharakisha.

Akatazama picha moja, akatazama nyingine,
akanitazama mimi, wa tatu.
"Hawa wote ni wewe?"
"Wote."

Mpira niliuvaa mkononi, nikausahau
hadi kule kwenye theluji isiyo na mlima,
ambako mjukuu hakuuliza zawadi;
aliuona, akauvuta, akauachia.
Paa!
Tukacheka, mimi kwanza.