Sura ya Sita: Jicho

Kitabu cha nukta nundu hakijafika Mpunguzi,
na mtihani haumsubiri mtu.
Basi nikasema nitasoma mimi, huku Nkuhungu, chumbani,
godoro nimeliegemeza dirishani,
kipaza sauti nimekivika soksi ya Ndahani
(ameitafuta asubuhi nzima, sijamwambia).

Upepo wa Agosti Dodoma haubishi hodi.
Unaingia na vumbi lake, unakaa ndani ya sauti.
Nikabonyeza kitufe chekundu:
mstari mwembamba umelala katikati ya kioo,
nikisema "Sayansi, darasa la sita"
unainuka, kilima baada ya kilima,
kama njia ya Kondoa ukiitazama kwa mbali.

Mashine ya kusaga ya Chidawali ikianza, nasimama.
Ikinyamaza, naendelea.
Treni ya mizigo ikipiga honi, nasimama.
Jogoo naye, saa tisa mchana, ana jambo gani?

Ukurasa wa arobaini na moja umeandika:
"Tazama mchoro."
Nimtazamishe nini Sechelela?
Nikanyamaza. Mstari ukalala.
Sekunde zikapita, thelathini, arobaini.
Kisha nikasema: Sechelela, chukua zabibu,
zile nyeusi za baba yako, usiile kwanza.
Ibingirishe vidoleni. Hilo ndilo jicho.
Ganda ni ukuta wake wa nje.
Papasa pale kikonyo kilipong'oka, pana kishimo:
hapo, kwa nyuma, ndipo unapotokea mshipa
unaopeleka habari kwenye ubongo.
Ndani mna ute mzito.
Haya, sasa ile.

Usiku nikakata.
Programu yenyewe ya bure, haina makuu:
mkasi, gundi, na kitufe cha kutendua.
Kikohozi nakipitishia kishale, kinageuka buluu, nafuta.
Nikafuta "samahani, narudia."
Nikafuta mate yakimezwa.
Ndipo nikaziona pumzi:
kila mwisho wa sentensi, kichuguu kidogo cha hewa.
Nikafuta kimoja, nikapenda usafi wake.
Nikafuta vyote, hadi saa nane,
sauti ikabaki kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Flashi ikaenda kwa bodaboda, ndani ya bahasha ya dawa.
Jumapili akanipigia, kwa simu ya baba yake:
"Shangazi, zabibu nimeelewa, nimekula kumi na moja.
Ila mbona hupumui?
Nilikuwa nabana pumzi nikikusubiri uvute yako,
mpaka mama akaniuliza naumwa nini."

Nikafungua kompyuta, nikatafuta kutendua.
Kitufe kimefifia, hakibonyezeki:
faili ukishalifunga
halikumbuki ulichokitupa.

Leo narudia sura nzima.
Godoro lile lile, soksi ile ile.
Mashine ya Chidawali imeanza nikiwa kwenye "mboni",
nimepandisha sauti, nimeendelea.
Namaliza sentensi, navuta hewa,
kichuguu kinainuka kwenye kioo,
nakitazama kinavyosogea kushoto
na kutoweka pembeni, kizima.

Mlango umefunguliwa:
"Jamani, hakuna aliyeona soksi yangu?"
Na hilo nalo limeingia.