Kabina ya Foni, Kadutu

Mama Nsimire hakusoma kitabu cha anga.
Alikuwa na betri ya gari, kiti chenye mguu mmoja mfupi,
daftari la walioitwa na saa waliyofika,
na waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili nyuma ya nyumba,
ambao kunguru waliuzoea kuliko sisi.
"Shabunda, Shabunda, Bukavu anaita. Kwako."
Sauti ya Mubeza ilirudi imebeba mvua ya kwao,
ikauliza bei ya chumvi,
ikataja nani amejifungua, nani hatutamwona tena.

Sheria ya kazi aliiandika kwa chaki mlangoni:

     Jua likiwa utosi, panda saba uongee;
     likizama kwa wepesi, shuka nne, wapokee.

Kwa nini? Hakujua.
Alisema tu: huko juu kuna dari,
na dari hiyo inapumua.

Siku hizi kabina ni duka la kuchaji simu,
nami nafundisha fizikia pale Nyawera
kwenye ubao wenye ufa unaopita katikati ya kila mchoro wangu.
Nimeijua dari ya mama:
mwanga wa jua, ule mkali usioonekana,
unagonga chembe ya hewa na kuing'oa elektroni
kama kifungo kinavyong'oka kwenye koti sokoni.
Kifungo kinadunda kwenda zake.
Koti linabaki wazi, linakitafuta.
Usiku baadhi hukutana tena,
ndipo dari hulegea, ndipo mama hushuka nne.

Leo nimewapa wanafunzi habari za majirani.
Zuhura, anayening'inia jioni nyuma ya vilima vya Kabare:
usiku wake mmoja ni karibu siku zetu sitini.
Kwa giza refu hivyo dari yake ilipaswa kuzimika kabisa.
Haizimiki.
Upande wenye mchana unasukuma chembe zake zivuke mpaka,
zishuke gizani zikiwa bado na moto,
kama Mzee Cirhuza, umeme ukikatwa upande wetu,
anavyotupitishia waya dirishani
na kujifanya hajui ni nani aliyeuchomeka.

Mirihi hana bahati hiyo.
Ngao yake kubwa ilikufa zamani;
zimebaki viraka, vingi vikiwa kusini,
sumaku kongwe iliyolala mwambani
inayofungua miavuli midogo hapa na pale.
Pasipo na mwavuli, upepo wa jua unachota.
Kidogo kidogo, tangu enzi na enzi,
kama mvua inavyoshusha udongo wa Kadutu hadi ziwani
na hakuna anayeuandikia risiti.

Nankafu, dawati la nyuma, akainua mkono:
"Mwalimu, huko nani anapiga foni?"
Hakuna, nikasema.
Lakini chombo chetu kikielekea nyuma ya sayari
sauti yake inapita kwenye ile dari, inapinda kidogo,
halafu inakatika.
Kwa kule kupinda tunahesabu elektroni.
Akaandika. Akapiga mstari chini ya "inakatika".

Nimerudi nyumbani nikalifungua daftari.
Ukurasa umeliwa na mende pembeni.
Saa moja na dakika ishirini usiku. Shabunda. Mubeza anasema
na baada ya hapo hakuna kitu,
ila kidoa mahali kalamu ilisubiri.

Mpaka leo mama analaumu dari.
"Usiku ule ilikuwa mbovu," anasema, akichambua maharagwe,
"sauti ilipotelea huko juu."
Lakini kesho yake aliandika kwamba Kindu walisikika, tano kwa tano,
na usiku ule ule, dakika tatu baadaye,
kwa mwandiko wake mwenyewe: Walikale, safi.

Nimepiga hesabu mara mbili.
Dari ilikuwa nzima.

Sijamwambia.
Namsogezea ungo, tunachambua.