Kahawia na Buluu

Sanduku lilifika kwa basi la Alhamisi,
limezungushiwa utepe wa gundi na mwandiko wa mke wangu:
"Mgongo wa mama si winchi. Funga hii kabla cheri hazijaiva."
Ludmila yuko Verona, anamwogesha mzee wa watu,
na kila mwezi hutuma kitu cha kutuambia
hajasahau mlango wa kwao unafungukia wapi.

Humo ndani: bapa la sola, pana kama meza ya jikoni,
pampu nyembamba mfano wa chupa ya divai,
bomba, kamba ya nailoni,
na kijitabu cha lugha tano, yetu haimo.

Mama mkwe, Bi Profira, akaketi kizingitini,
mikono kifuani, kitambaa kimekazwa kidevuni.
Ananitazama hivyo tangu siku ya posa.
"Kisima hiki Grigore alikichimba kwa sururu," akasema.
"Hakusoma kijitabu."

Nikapima kwanza. Jiwe kwenye uzi,
uzi ukazama, nikausikiliza hadi ukalegea:
mita kumi na nne, na maji ni nne tu.
Pampu nikaining'iniza kwa kamba, si kwa waya
(waya ni wa kubeba umeme, haukuumbwa kubeba mzigo),
nikaiacha nusu mita juu ya matope,
maana anywaye chini kabisa hunywa mchanga.
Bapa nikalielekeza kusini, liliko jua letu,
juu ya paa la banda la bata bukini,
mbali na mjozi,
kwa kuwa tawi moja likifunika kona
hulinyima bapa zima nguvu,
kama jirani mmoja mwenye kinyongo harusini.

Pipa la maji lilikuwa la kabichi za siki.
Nililisugua mara tatu. Harufu haikuhama.

Kisha nyaya. Pampu ilikuwa na mbili, kahawia na buluu;
bapa nalo lilileta nyekundu na nyeusi.
Nani angejua ipi imeposwa na ipi? Nikabahatisha.
Pampu ikavuma kule chini kama nyuki ndani ya mtungi.
Nikasubiri. Bomba likatoa pumzi, basi.
Nikakaza, nikalegeza, nikatukana kwa Kirusi,
lugha ninayoitunza kwa kazi hiyo.
Nikaanza kuandika kichwani barua ya kwenda Verona,
sentensi ya kwanza ikakwama kwenye neno "pesa".

Mama mkwe akakohoa.
"Redio ya Grigore," akasema, bila kunitazama,
"ukikosea kuweka betri ilikuwa hivyo hivyo.
Geuza."

Nikageuza.

Kwanza hewa. Kisha mate. Kisha tope la manjano.
Bomba likakakamaa mkononi kama nyoka aliyeamka,
na maji yakaja, ya baridi ya kuumiza vidole,
yakaruka pipani, viatuni, mgongoni mwa bata.
Bi Profira alisimama. Kikombe cha kwanza akakimwaga,
cha pili akakimwaga,
cha tatu akanywa polepole, karibu akitafune.
"Kabichi," akasema.

Saa tisa wingu likapita, maji yakakatika.
Akalikazia wingu jicho lile lile analonikazia mimi,
na kwa mara ya kwanza nikajihisi nina mwenzangu.

Usiku, pipa limejaa pomoni,
nikasikia mnyororo: kriii, kriii.
Dirishani nikamwona anazungusha mpini,
ameinama upande wa nyonga nzima.
Ndoo moja, tena haikujaa.
Akaiweka ukingoni, pale jiwe lilipochongwa mwaka
na herufi moja,
akakaa nayo. Hakunywa.

Nilikuwa nimepanga kung'oa gogo na mnyororo kesho yake,
chuma kikauzwe.
Badala yake niliamka kabla yake,
nikapaka grisi.

Ludmila akapiga simu: je, inafanya kazi?
Nikasema inafanya, hebu ongea na mama.
Mama akaishika simu mbali na sikio, kama kitu cha moto.
"Rangi hazijui," akasema. "Ila anakaza vizuri."