Mita Mia Nane

Kwenye kasha waliandika: mita mia nane.
Nikaamini. Nililipa bei ya mbuzi jike,
na chenji sikurudishiwa.

Kotido tuliiacha saa tatu usiku,
joto limebaki ndani ya mawe tu.
Tukashuka Dopeth, mto usio na mto:
Lomongin mbele, mimi katikati,
Khainza nyuma akihesabu hatua kwa sauti
kwa sababu daktari wa Mbale alimwambia elfu kumi kwa siku
na hakumwambia ni wapi.

Mchanga huu haukanyagwi, unabembelezwa.
Unakupa hatua moja, unakudai nusu.

Nikawasha.
Usiku ukatoboka kama gunia.
Mgunga ukaruka mbele yetu, mweupe, kama aliyefumaniwa,
miiba yote imesimama.
Chini, vimetameta vya kijani, mamia kwa mamia.
Nikasema, umande.
Lomongin akacheka: umande gani, mwezi wa pili?
Nikainama. Yalikuwa macho.
Buibui wa mchanga, kila mmoja
amejitwika taa yangu bila kuilipia.

Mbele zaidi, macho mawili makubwa, yameachana mno.
Khainza akanishika mkanda.
Yakapepesa, yakasogea, yakawa punda,
punda wa mtu, kafungwa miguu,
anatutazama kwa dharau ya mwenye shamba.

Lomongin hakuwasha yake.
Ilining'inia kifuani kama kitambulisho cha mtu mwingine.
"Utotoni," alisema,
"mwanga ukitoka ng'ambo, mama alimwagia moto mchanga,
akatuziba midomo, wote watano, kwa mikono miwili.
Sijui aliwezaje.
Mwenye taa ndiye alikuwa mwenye bunduki.
Na anayeona mbali, bwana, huonekana mbali zaidi."

Khainza akaacha kuhesabu.
Nikapunguza mwanga, tatu hadi mbili, mbili hadi moja.

Kwenye kona, chini ya ukingo uliotoa mizizi nje,
kitu kilikwaruza. Kikanyamaza. Kikakwaruza.
Nami, mjinga, nikarudisha tatu.

Shimo, kina cha watu wawili,
na ndani yake mwanamke amepiga magoti,
mkono mmoja kwenye kata, mwingine usoni,
kivuli chake kimepigiliwa ukutani.
Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniuma.
Alikaa tu, kama anayesubiri kuhesabiwa.

Lomongin akataja jina lake, la baba yake, la kijiji,
upesi upesi, kama azimaye moto kwa viganja.
"Zimeni," akasema yule. "Maji nayajua kwa mkono."

Nikazima.
Giza likarudi lote, na halikurudi mikono mitupu:
harufu ya udongo uliolowa, jasho letu,
punda akikohoa kule tulikotoka,
na doa la kijani likiogelea ndani ya macho yangu
hata nilipoyafumba.

Aliitwa Nakong. Huchota usiku
kwa kuwa mchana ng'ombe ni wengi
na maneno ni mengi kuliko ng'ombe.
Akatupandishia kata.
Maji yalikuwa na mchanga, yalikuwa baridi;
tukanywa kama wenye deni.

Kisha akapanda juu, akaiomba ile taa.
Nikataka kumwonyesha kitufe; alishakipata.
Hakumulika mgunga. Hakumulika nyuso zetu.
Aliielekeza juu, wima,
nguzo nyeupe, vumbi na nondo wakikwea ndani yake,
akasubiri, shingo nyuma,
kama aliyetupa jiwe kisimani akisikilizia.

"Unatua wapi?"

Khainza akanitazama.
Nikalisoma tena kasha kichwani:
mita mia nane, halafu picha ya betri.

Akaizima mwenyewe. Akanirudishia ikiwa ya moto,
akajitwika dumu,
akaenda zake kwenye giza lile
ambalo sisi tulikuwa tumelijia na silaha,
na hakujikwaa hata mara moja,
kwa kadiri tulivyoweza kusikia.