Safu ya Tisa

Alikuja Malimbe na sanduku la bati
lililoandikwa namba, si jina,
miaka arobaini na mitatu,
na kitambulisho cha mwaka wa kwanza
ambacho picha yake, ingawa ni kichwa tu,
imesimama wima.
Sisi wengine tulikuwa na kumi na tisa, ishirini,
tunachelewa vipindi kwa sababu ya chapati.

Siku ya kwanza mhadhiri alipoingia
kiti kimoja tu kililia: Lugwisha amesimama,
visigino vimegongana,
na neno "afande" limemtoka kabla hajaliwahi.
Darasa lilicheka. Mimi ndiye katibu wa kundi,
na katibu haruhusiwi kuficha:
nilicheka na mimi.

Kundi namba saba.
Bulugu, Anatoria, Kokushubira, Mafuru, mimi, na yeye.
Vikao saa kumi jioni, nyuma ya maktaba.
Yeye alifika saa tisa na dakika hamsini,
akachagua kiti kinachoegemea ukuta
na kutazama mlango.
Hatukumuuliza. Kufikia wiki ya tatu
kiti kile tulikiacha wazi hata akiwa bado,
na Mafuru, aliyezoea kubwaga begi sakafuni,
akajifunza kulitua
kama mtu anayetua trei ya mayai.

Ofisini walimpa fomu ya ushauri, kurasa nne.
Aliirudisha tupu, imekunjwa pembe kwa pembe
kama shuka la kambini.

Kisha likaja somo la takwimu.
Mhadhiri, mtu mwema, mikono ya koti nyeupe kwa chaki,
akachora jedwali: watu kumi na wawili.
"Huyu wa tisa hana taarifa. Tumfanyeje?
Mfuteni. Wastani hautatikisika."
Akamfuta kwa kiganja.

Lugwisha akatoka.
Aliacha kalamu wazi mezani,
mtu ambaye kalamu zake hulala kwa mstari.

Tulimkuta chini, ziwani, kwenye mawe
yale makubwa yaliyobebana bila kuulizana.
Wadudu wa ziwa walikuwa wamepanda juu ya maji
kama nguzo ya moshi,
naye aliikazia macho nguzo ile
mpaka alipohakikisha ni wadudu tu.
Kokushubira alikuwa na hotuba. Akaimeza.
Bulugu akafungua karanga za mia tano,
akagawa, kiganja kwa kiganja.
Tukatafuna.

Giza lilipoanza akasema, akiliambia ziwa:
"Tulikuwa kumi na wawili kwenye gari.
Wa tisa aliitwa Mkude.
Alikuwa anajifunza kupika wali.
Kila siku unaungua."

Basi. Hakuongeza,
nasi hatukuchokonoa. Swali nalo
laweza kuwa begi linalobwagwa sakafuni.

Kazi yetu ya kundi ilikuwa dagaa:
wanawake kumi na wawili wa mwalo wa Igombe,
ndoo ngapi kwa siku, wiki mbili.
Mama wa tisa alikuwa matangani, hakupima kitu.
Lugwisha akashika rula.
Kwa zile herufi zake za kwenye masanduku ya risasi
akaandika majina yote, akafika la tisa,
akaliandika,
na mbele yake akaacha nyeupe,
mistari minne imeizingira.
Chini nikaongeza tanbihi:
*Yupo. Kipimo chake ndicho hatuna.*

Tulikatwa alama mbili.
Wino mwekundu uliuliza kwa nini safu haikufutwa.
Hakuna aliyekata rufaa.

Ijumaa iliyofuata Lugwisha alichelewa kikao
dakika nne nzima.
Chapati sita kwenye gazeti,
mafuta yamepenya mpaka kwenye matangazo ya vifo.
Hakuomba radhi. Akavuta kiti chake cha ukutani, akala.
Nikafungua daftari la kumbukumbu, nikaandika:
wajumbe wote wamehudhuria.