Mipini Mitatu na Ushei

Kila Alhamisi, saa moja usiku,
chumba cha nyuma cha dobi wa Lifford,
mashine mbili zikizungusha bado mashuka ya watu,
Bronagh hukunjua ramani yenye miraba
akaweka juu yake joka la bati, mkia umekatika.

Sisi wachezaji wanne ni wa kingo mbili.
Mimi na Odhrán twalala upande huu,
ambako vibao vya barabara husema kilomita.
Eunan na Teasie huvuka daraja kutoka Strabane,
ambako barabara ileile, lami ileile,
huanza kuhesabiwa kwa maili
bila kumwomba mtu radhi.

"Mbele yenu pana ufa," alisema Bronagh.
"Upana wake futi kumi. Chini hamwoni kitu,
mwasikia tu maji yakijisemea."

Odhrán akatazama karatasi yake.
Kitabu cha kanuni alikinunua Lyon, mtumba,
mita tupu toka jalada hadi jalada.
Kibete wake, Brukk, huruka mita tatu.
Hazidi.

Teasie hufundisha hesabu; hakuweza kujizuia.
"Futi kumi," alisema taratibu, "ni mita tatu
na sentimita nne na nukta nane."

Kimya. Mashine moja ikaanza kukamua.

Basi Brukk, aliyeponea majitu na homa ya kinamasi,
aliyemwazima mchawi shoka na hata leo hajarudishiwa,
afe kwa urefu wa kibiriti!

Odhrán ana miaka kumi na sita,
shingo yake huwaka kabla ya maneno.
Alisema futi ni mguu wa mfalme aliyeoza zamani,
na mguu wenyewe hajawahi kuuona.
Eunan akajibu: mita nayo ni fimbo ya kabatini,
nani aliwahi kuitembelea?
"Mguu," akasema, "angalau unao."

Eunan alikuwa forodhani enzi za vizuizi,
akipima siagi kwa ratili
na hofu za watu kwa jicho.

Mimi nilinyamaza. Mimi ni seremala.
Mbao nakata kwa milimita,
ila mtu namjua kwa futi,
na mtoto akizaliwa nauliza ratili ngapi, wakia ngapi,
maana kilo tatu na nusu ni viazi.
Kichwa changu nacho kina mpaka
ambao walinzi wake walishakwenda nyumbani.

Mwaka juzi nilimpima mama, sanduku nilichonga mwenyewe.
Ukanda wangu una nyuso mbili.
Nikasoma uso mmoja, nikaugeuza,
nikasoma wa pili.
Zilikubaliana.

"Tumwulize Brukk," alisema Bronagh ghafla.
"Kwao mgodini hakuna mita wala futi.
Yeye hupima kwa nini?"

Odhrán akafumba macho. Hasira ilimshuka mabegani.
"Mpini wa sururu," akasema.
"Na ufa huu?"
"Mipini mitatu. Mitatu na ushei."
"Ushei kiasi gani?"
"Ushei tu."

Teasie alifungua kinywa, akakifunga.

Dadu la pande ishirini likabingirika,
likamgonga joka pale palipokatika,
likalala na saba.
Saba haitoshi, wala si kifo.
Zile sentimita nne zikawa pingili za vidole
zilizong'ang'ania ukingo wa jiwe,
na mwizi wa Eunan, mchoyo hata wa salamu,
akalala kifudifudi akanyoosha mkono.
Urefu wa mkono huo hakuna aliyeuuliza.

Saa nne tukapanga viti. Mashuka yalikuwa yamekauka.
Mlangoni, koti begani, Odhrán akageuka:
"Na dhahabu ya joka, tutaipima kwa kilo au ratili?"

Eunan akaketi tena.
Teasie tayari alikuwa ametoa kikokotoo.